Klachi ya Beetle isiyoachia: anzia kwenye pedeli, injini iwe ya mwisho

Klachi ya Volkswagen Beetle ikikataa kuachia, dalili ni zilezile popote ugonjwa ulipo. Gia ya kwanza haiingii injini ikiwaka, rivasi inakwaruza, na ukilazimisha gari linajivuta mbele ilhali umekanyaga pedeli mpaka sakafuni. Kwa sababu dalili hazitofautiani, watu hukimbilia dukani kununua seti nzima ya klachi. Seti inafungwa, gia zinaendelea kukwaruza, na mwenye gari anabaki na deni na gari lisilotembea.

Beetle ya 1969 ninayoieleza hapa ilikuwa imeshapitishwa njia hiyo. Ni ya injini ya 1500 na umeme wa volti 12, na ilikuwa imekaa miaka mingi Tanga ikila upepo wa bahari. Sakafu zote mbili zilikuwa zimeliwa na kutu, zikakatwa na kuchomelewa mpya. Injini ilifunguliwa ikafungwa upya, bodi ikapigwa rangi, na klachi mpya ikawekwa kabla injini haijarudi. Siku ya kuliwasha, injini iliitika vizuri kabisa, lakini gari halikuingia gia. Fundi aliyelifunga alikuwa na jibu tayari: "Mzee, hiyo seti ni feki, tafuta nyingine." Inaumiza kuona kazi ya muda mrefu imesimama mbele yako, inang'aa, na haitoki mlangoni. Hasira ya namna hiyo ndiyo inayotoa hela mfukoni haraka. Hapa ndipo pa kuweka pochi chini na kuchukua tochi.

Klachi ya Beetle haina mafuta wala silinda. Ni kebo tupu. Pedeli imefungwa kwa pini kwenye shafti fupi, na mwisho wa shafti hiyo, ndani ya mgongo wa chasisi (lile bati lililoinuka katikati ya sakafu), kuna ndoano. Kebo imeshikwa na ndoano hiyo, inapita ndani ya bomba jembamba la chuma lililochomelewa ndani ya mgongo, inatokea nyuma, inaingia kwenye mrija unaopinda, kisha inafika kwenye mkono wa klachi ulio ubavuni mwa giaboksi, upande wa kushoto. Huko inafungwa kwa nati yenye masikio mawili. Ukikanyaga, kebo inauvuta mkono, mkono unaizungusha shafti iliyo ndani, na shafti inaisukuma beringi ibonyeze vidole vya presha plati, yaani kifuniko chenye springi kinachoibana klachi plati (sahani ya msuguano) kwenye flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye injini. Mpango huu si dhaifu hata kidogo: ni gari la aina hii lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na vumbi la wakati ule. Lakini kila kiungo kikila milimita mbili au tatu, mwishoni hakibaki cha kuisukuma beringi.

Kwa hiyo kwanza angalia nati ya masikio. Ondoa gurudumu la nyuma kushoto, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Plei sahihi ya pedeli ni milimita 10 hadi 20, yaani kidole kikisukuma pedeli inashuka kiasi hicho bila kazi kabla ya kuanza kuhisi uzito. Plei ikiwa kubwa, klachi haiachii. Ikiwa haipo kabisa, beringi inaguswa muda wote, klachi inateleza na kuungua. Masikio mawili ya nati lazima yakae kwenye vijibonde vyake kwenye mkono. Yakikaa juu ya kingo, nati itajizungusha yenyewe ukiwa safarini.

Kwenye gari hili nati ilikuwa imekazwa mpaka mwisho wa uzi, na plei bado ilikuwa kubwa. Ukiona hivyo, acha kukaza. Kebo mpya ya urefu sahihi haipaswi kumaliza uzi wake siku ya kwanza. Maana yake ni mojawapo ya mambo manne: kebo si ya gari hilo, bomba la ndani limeachia, pedeli imechakaa kwenye ndoano au pini, au ndani ya giaboksi kuna kitu kisicho cha mahali pake. Urefu wa kebo umebadilika mara kadhaa kwa miaka ya Beetle, kwa hiyo ya zamani usiitupe. Ilaze sakafuni kando ya mpya, ulinganishe urefu na jicho la mbele. Hapa zilikuwa sawa.

Kipimo kilichofuata ndicho ningependa kila mwenye Beetle akijue, maana hakihitaji spea wala hela. Chomoa waya wa betri. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au mbao. Gurudumu la nyuma kulia libaki chini, la kushoto lirudishwe mahali pake na liwe hewani. Usiinue yote mawili, kwa sababu difu (meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) itakudanganya: ukizungusha moja, la pili linazunguka kinyume na hujajua lolote kuhusu klachi. Weka gia ya nne. Zungusha gurudumu la kushoto kwa mkono. Litakuwa zito, na puli ya injini (gurudumu la mkanda) kule nyuma itazunguka pamoja nalo. Sasa mtu mmoja achukue nondo, ausukume mkono wa klachi kuelekea mbele ya gari, upande uleule kebo inakouvuta, huku mwingine akizungusha gurudumu. Puli ikisimama na gurudumu likawa jepesi, klachi yenyewe inaachia na ugonjwa uko kati ya mguu wa dereva na mkono ule. Puli ikiendelea kuzunguka hata mkono ukifika mwisho, ugonjwa uko ndani. Kwa gari lililokaa miaka bila kutembea, mara nyingi klachi plati huwa imegandana na flaiwili kwa kutu, na kipimo hiki kitakuonyesha.

Gari letu lilijibu katikati. Puli ilisimama, lakini mwishoni kabisa mwa safari ya mkono, baada ya mkono kutembea sana bila kugusa kitu. Jibu la namna hiyo lisipuuzwe. Lilikuwa linasema magonjwa ni mawili.

Tulianza na la nje. Sukuma mpira wa kuzuia vumbi nyuma ya mgongo wa chasisi, uone mahali mrija unaopinda unapokutana na ncha ya bomba la kebo. Mulika tochi hapo, mtu mwingine akanyage pedeli taratibu. Ncha ya bomba inatakiwa itulie tuli. Hii ilizama mbele, ikaingia ndani ya mgongo karibu upana wa kidole, na pedeli ilipoachiwa ikarudi nje na vumbi jekundu la kutu likidondoka kwenye ukingo. Ukiona hilo huhitaji kuambiwa zaidi. Kebo ikivutwa, mrija unajibana na kulisukuma bomba mbele. Bomba likiwa limeachia, mwendo wa mguu unaliwa na bomba badala ya kuuvuta mkono. Pedeli ya gari la hivyo huwa na hali ya kurukaruka, kama godoro la springi, na mara nyingi watu husema kebo imevutika.

Bomba hili limeshikwa ndani kwa vishikio vidogo vilivyochomelewa. Kutu inavila taratibu, na kazi ya kubadilisha sakafu, pamoja na kukata, kugonga na joto la kuchomelea jirani yake, inamalizia. Yeyote anayeweka sakafu mpya kwenye Beetle alipime bomba la klachi kabla bodi haijarudi juu ya chasisi. Wakati huo ni kazi ndogo. Bodi ikisharudi na zulia likishalazwa, ni kazi ya kukata bati lililokwisha pakwa rangi.

Kuona palipoachia, ondoa gia stiki (bolti mbili tu) uchungulie kwenye tundu lake, na fungua kile kifuniko kidogo chini ya kiti cha nyuma kwenye kiungo cha fito ya gia. Kioo kidogo na tochi vinatosha, na simu yenye kamera nyembamba inasaidia kuliko kichwa kilichoinama. Kishikio cha mbele, karibu na pedeli, ndicho kilichokuwa kimekatika.

Sasa jambo la hatari. Ndani ya mgongo huohuo linapita bomba la petroli, kutoka tangi la mbele hadi injini ya nyuma. Kuchomelea hapo bila maandalizi ni kuwasha moto ndani ya gari ulilolifanyia kazi kwa mapenzi, na pengine kuumiza mtu. Tangi lilitolewa garini kabisa, likapelekwa mbali. Bomba la petroli lilifunguliwa ncha zote mbili, likapulizwa kwa hewa, likajazwa maji na kuzibwa ncha kwa muda wote wa kazi. Zulia na mikeka ya lami ya kuzuia kelele iling'olewa eneo lote la jirani. Mtungi wa kuzimia moto ulikaa mkononi mwa mtu, si ukutani, na kazi ikafanyika nje, penye hewa. Fundi wa kuchomelea akikuambia haya hayana haja, tafuta mwingine.

Dirisha lilikatwa ubavuni mwa mgongo, pande tatu tu, upande wa nne ukaachwa kama bawaba ili bati lifunguliwe na baadaye lirudishwe. Kishikio kilisafishwa mpaka chuma cheupe kikaonekana. Bomba ni jembamba, ukitulia mahali pamoja unalitoboa, kwa hiyo ni vidonda vifupivifupi na kuacha lipoe kati ya kimoja na kingine. Mwenye uzoefu wa gesi na brasi atafanya vizuri zaidi kwa sababu joto linalohitajika ni dogo. Kabla ya kuchomelea, hakikisha ncha ya nyuma imetokeza vya kutosha mrija uishike. Na kebo isiwe ndani ya bomba wakati wa kazi, itaganda humo. Baada ya kupoa, pitisha kebo ya zamani iliyopakwa girisi, iende na kurudi bila kukwama popote, ndipo bati lirudishwe na kuchomelewa. Ndani ya dirisha pakwe rangi ya kuzuia kutu, la sivyo umetengeneza mlango mpya wa kutu.

Mkusanyiko wa pedeli ulitolewa wakati huohuo. Unashikwa kwa bolti ubavuni mwa mgongo, na fito ya breki lazima itenganishwe kwanza. Angalia ndoano: ikiwa imelika na kuwa na kijibonde kirefu, kebo itachomoka siku moja ukiwa barabarani. Shika shafti kwa mkono mmoja na pedeli kwa mwingine, uzungushe kinyume. Pini ikiwa imelegea utahisi mwendo, na mwendo mdogo hapo unazaa upotevu mkubwa kwenye kebo. Pini mpya na bushi mpya ni vitu vya bei ndogo mno ukilinganisha na usumbufu wake. Wakati wa kurudisha, kebo inapenda kudondoka kutoka kwenye ndoano. Dawa ni kufunga nati ya nyuma kwa nyuzi chache, mtu aivute kebo nyuma bila kuachia, na mwingine akaze bolti za pedeli. Usiondoke hapo bila kupima fito ya breki: kati ya ncha yake na pistoni ya silinda kuu kunatakiwa kuwe na nafasi ya milimita 1. Ikikosekana, breki zitajikaza zenyewe zikipata joto.

Kisha mrija unaopinda. Watu wengi huufunga ulivyonyooka kwa sababu unapendeza macho. Unatakiwa ulegee, upinde kuelekea chini. Weka rula iliyonyooka kutoka ncha hadi ncha ya mrija, upime katikati: upindo uwe milimita 25 hadi 45. Unarekebishwa kwa kuongeza au kupunguza washa mahali mrija unapokaa kwenye kishikio cha giaboksi. Upindo ukiwa mdogo, gari linatetemeka kila ukiondoka. Ukizidi, pedeli inakuwa nzito na kebo inajisugua mpaka inakatika. Kazi ya upindo ule ni kuleta msuguano kidogo ili klachi ishike taratibu, na pia kumeza mtikisiko wa injini inayocheza kwenye mipira yake.

Baada ya haya gia ya kwanza iliingia, gari likasogea kwa mara ya kwanza. Furaha ilikuwepo, lakini nati bado ilikuwa mbali sana kwenye uzi, pedeli ikikanyagwa kulisikika mlio wa chuma kusuguana, na rivasi ililia. Rivasi ya Beetle haina sinkro (kifaa cha kulinganisha mizunguko ili gia iingie bila kukwaruza), kwa hiyo ni shahidi mzuri. Kanyaga pedeli, hesabu sekunde tatu au nne injini ikizunguka polepole, ndipo uiingize. Ikiingia kimya, klachi inaachia kikamilifu. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini. Hapa ilikwaruza. Sasa injini ilikuwa na haki ya kushuka.

Kushusha injini ya Beetle kunasifiwa kuwa ni bolti nne tu, na ni kweli: mbili za juu na nati mbili za chini, spana namba 17. Kabla ya hapo toa betri, ziba mpira wa petroli, tenganisha kebo ya mafuta, kebo za hita, nyaya za dainamo, koili na swichi ya oili, na mabati ya nyuma. Panapoharibika ni pale injini inapoachia. Ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ikishuka kabla haijavutwa nyuma ya kutosha, uzito wote unaning'inia kwenye shafti ya giaboksi na kupinda kitovu cha klachi plati. Vuta nyuma kwa usawa juu ya jeki yenye ubao mpana mpaka presha plati iwe huru kabisa na shafti, ndipo ushushe.

Kilichokuwa ndani kilieleza kila kitu. Giaboksi za Beetle za mpaka karibu 1970 zina beringi ya klachi inayoshikwa kwa vibanio viwili vya waya kwenye mikono ya shafti, bila mrija wa kuiongoza, na presha plati yake inatakiwa iwe na pete katikati, juu ya vidole. Kuanzia magari ya mwaka wa modeli 1971 beringi inateleza juu ya mrija wa kuiongoza, na presha plati haina pete. Hapa palikuwa na giaboksi ya zamani, beringi ya zamani, na presha plati mpya isiyo na pete. Ncha za vidole zilikuwa zimechubuka upande mmoja kuliko mwingine, nyingine zimeshakuwa za buluu kwa joto, kwa sababu beringi haikuwa na uso wa kukalia na ilikuwa inatangatanga. Na kwa kuwa unene wa pete haukuwepo, beringi ilisafiri bure kabla ya kugusa vidole. Huko ndiko uzi wa nati ulikokwenda, na ndiyo sababu nondo ilitupa jibu la kuchelewa.

Seti haikuwa feki. Ilikuwa nzuri kwa gari jingine. Dukani jibu huwa "Bosi, hizi zote ni za Beetle," na muuzaji hadanganyi kwa kadiri anavyojua. Nenda na vitu vya zamani mkononi. Jua meno ya flaiwili: ya volti 12 ina meno 130 na hubeba klachi plati ya milimita 200, ya volti 6 ina meno 109 na plati ya milimita 180. Chungulia ndani ya kengele ya giaboksi (ganda linaloifunika klachi) uone kama kuna mrija wa beringi au hakuna. Presha plati nyingi zinazouzwa sasa huja na pete inayobanduka; kwa giaboksi ya zamani iache, kwa mpya itoe.

Injini ikiwa chini, usiridhike na kosa moja. Tulikuta beringi ndogo ya sindano, iliyo ndani ya nati kuu ya flaiwili, imekauka kabisa. Ncha ya shafti ya giaboksi inakalia hapo. Ikikosa girisi, injini inaiburuta shafti hata klachi ikiwa imeachia, na rivasi italia milele. Girisi ya gramu 1 inatosha. Ikizidi inarushwa kwenye klachi plati. Oili nayo ilikuwa imeanza kulowesha nyuma ya flaiwili. Ijue kwa pua na vidole: nyepesi na nyeusi ni ya injini, kutoka oili sili ya krenkshafti (shafti kuu ya injini) au kizibo cha kemshafti (shafti inayofungua vali) kilicho hapohapo nyuma, nzito yenye harufu kali ya salfa ni ya giaboksi, kutoka sili ya shafti. Klachi plati ikishanyonya oili usihangaike kuiosha, haitarudi.

Nati kuu inafunguliwa kwa soketi namba 36 na kukazwa kwa Nm 300 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Wengi hawana spana ya toki ya kufika huko. Bomba la mita 1 kutoka katikati ya nati, na kilo 30 ncha yake, vinakufikisha hapo, flaiwili ikiwa imezuiwa kwa chuma imara na si bisibisi kwenye meno. Kabla ya kuweka sili mpya, pima mwendo wa krenkshafti mbele na nyuma. Funga flaiwili na shimu mbili (washa nyembamba za kurekebisha mwendo huo) bila sili, pima kwa geji ya saa, toa milimita 0.10 kwenye jibu. Kinachobaki ndicho unene wa shimu ya tatu. Shimu ni tatu daima, na mwisho wa yote mwendo uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Fundi aliyeifunga injini hii aliacha mwendo mkubwa zaidi, na sili mpya isingedumu.

Uso wa flaiwili ulipigwa msasa mpaka kutu ikaisha, ukafutwa kwa thina, na baada ya hapo hakuna aliyeugusa kwa vidole vyenye girisi. Beringi ya klachi usiioshe kwa petroli. Girisi yake imefungiwa ndani na ukiitoa umeiua. Klachi plati ikae katikati kwa kutumia kipande cha shafti ya zamani au kifaa cha plastiki kinachouzwa na seti, kitovu kilichotokeza kikiangalia giaboksi. Jaribu kwanza plati kwenye meno ya shafti, iteleze kwa mkono bila kukwama. Bolti sita za presha plati zikazwe kidogokidogo kwa mshazari hadi Nm 25. Ukikaza moja mpaka mwisho kisha nyingine, unapinda kifuniko na mtetemeko hautakwisha.

Kurudisha injini ni subira. Weka gia, zungusha puli kidogokidogo mpaka meno ya shafti yaingie. Injini na giaboksi vigusane kwa kusukuma kwa mikono. Asiwepo wa kuvuta injini kwa kukaza bolti, ndiyo njia ya kupasua kengele. Vikishagusana, kaza Nm 30.

Wakati injini iko chini tulibadilisha pia mipira ya giaboksi, na hilo lilizaa tatizo dogo la mwisho: gari liliachia klachi vizuri, rivasi ikaingia kimya, lakini likatetemeka likiondoka. Giaboksi ilikuwa imekaa mahali tofauti kidogo kwenye mipira mipya, na upindo wa mrija ukapungua chini ya milimita 25. Washa moja iliongezwa, mtetemeko ukaisha. Upime upindo baada ya kila kitu kufungwa, hata kama uliupima jana.

Kuhusu hela, nitasema wazi. Presha plati, klachi plati na beringi zililipiwa mara mbili, na injini ilishushwa tena kwa malipo ya fundi. Bomba la kebo, lililokuwa nusu ya ugonjwa, lilitaka vifaa vya thamani ndogo na muda wa mchomeleaji. Nondo na tochi vingeonyesha hayo kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Kebo mpya hutulia na kurefuka kidogo, kwa hiyo pima plei tena baada ya kilomita 500, na usiliondoe gari kwa fujo mpaka plati ijikalishe. Klachi plati inavyoliwa, plei inapungua, haiongezeki. Ukikuta pedeli haina plei, legeza nati mara moja.

Weka kebo ya akiba na girisi kidogo chini ya kiti cha nyuma. Ikikatika ukiwa mbali, zima injini, weka gia ya kwanza, hakikisha mbele ni peupe, upige staata. Gari litasogea na injini itawaka humohumo. Kubadilisha gia, achia mafuta, vuta gia itoke, subiri mzunguko wa injini ushuke, kisha isogeze taratibu mpaka iingie yenyewe bila kulazimishwa. Kwenye taa za barabarani simama kwa kuzima injini, na njia ya mlima iache kwa siku nyingine.